Ngezi na watoto wadogo na mama mkwe, inafaa? Naomba ushauri

BintiNgambo

Asalaam alaykum jamani. Likizo ya skuli hii inshallah tunakwenda Pemba, mume wangu kwao Wete, mie mtu wa Ng'ambo hapa mjini Unguja, na tunao watoto watatu, mkubwa miaka kumi mdogo minne. Kila tukenda huwa ni kukaa nyumbani, kula, kuzungukia wazee basi, safari hii nimesema lazima watoto wauone msitu wa Ngezi, maana skuli wanafundishwa misitu ya hifadhi kila siku lakini hata mmoja hawajaingia, Jozani yenyewe wanaiona kwa dirisha la gari tukipita kwenda Makunduchi. Sasa naombeni munijibu. Ngezi kuna nini hasa? Huyu mkubwa anataka kima punju na mie nnavyojua kima punju ni wa Unguja. Halafu wale popo wakubwa wanaonekana humo humo msituni au kwengine? Tunaweza kuingia wenyewe au lazima muongozaji, na huyu wa miaka minne atamudu kweli? Na kubwa zaidi, mama mkwe anataka tufuatane lakini akisikia bundi tu anasema uchuro, hataki, na mume wangu ndio kitu anachokitaka kuliko chochote huyo bundi wa Pemba, anasema hayupo pahala pengine popote duniani. Nifanyeje na hawa wawili?

mkonde_asili

Waalaykum salaam dada, karibuni sana kwetu. Mie mtu wa Konde na nafurahi kuona mtu wa mjini anauliza Ngezi, watu wengi wakija Pemba wanauliza pwani tu.

Ukitoka Konde unashika njia ya Makangale na Ras Kigomasha, barabara inapita ndani ya msitu wenyewe, mutajua kama mumefika kwa vile jua linaondoka ghafla na ubaridi unakupiga usoni. Ofisi ya misitu ipo hapo hapo kando ya njia. Mnashuka, mnalipa kiingilio, bei ya wenyeji si ile ya wageni wa nje kwa hivyo beba ZanID, kitambulisho cha Mzanzibari, yako na ya mumeo, halafu mnapewa mtu wa kukutembezeni. Kuingia wenyewe hapana, na wala usitamani, njia zinapishana na ukiwa ndani kila upande unafanana, na bila ya mtu wa kukuonesha utapita chini ya vitu vyote ulivyovifuata na usivione.

Kuna nini? Dada, huu ndio mabaki ya Pemba ilivyokuwa kabla ya mikarafuu. Kisiwa kizima kilikuwa msitu, ukafyekwa kwa ajili ya karafuu karne ya 19, hasa baada ya kimbunga cha 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ndio ikabaki inabeba zao lote. Ngezi imesalia, kama hekta 1,440 na kitu hivi. Humo mutaona mivule ambayo watoto wako wote watatu wakishikana mikono hawaizunguki. Mwambie muongozaji akuoneshe mpapindi, huo ni mnazi mwitu wa kwetu, mwembamba, mashina kadhaa yanatoka pamoja, kila shina lina pete pete mpaka juu na matunda yake mekundu, asili yake ni hapa Pemba tu. Kuna na sehemu ya mchanga mweupe ambayo miti mikubwa haioti, vichaka vifupi vya majani madogo kama sindano, wataalamu wanashangaa kwa sababu jamaa zake vile vichaka huota juu milimani na hapa vipo usawa wa bahari.

Wanyama, tumbili wapo wengi, chesi, wale paa wadogo, wapo ila ni wepesi kuliko jicho, utasikia majani tu. Kima punju waliletwa Ngezi kutoka Unguja miaka ya 1970, wachache sana, na kizazi chao hakikuenea, kwa hivyo usimuahidi mtoto. Chui hapana, Pemba hakuna mnyama wa kumla mtu, hilo mwambie mama mkwe mapema apate kutulia.

Mdogo atamudu, kuna mzunguko mfupi, nyinyi chukueni huo. Ila asibebwe mgongoni muda wote, mwacheni atembee, mtoto yuko karibu na ardhi anaona vitu ambavyo sie hatuvioni, jongoo, uyoga, kaa wa nchi kavu.

kusini_driver

Kwa heshima zote za watu wa Pemba, mie ningekwambia kama lengo ni watoto basi anza na Jozani kabla hujapanda boti. Upo mjini, kutoka hapo mpaka Jozani kama kilomita 35 hivi, gari yoyote ya Makunduchi, Jambiani au Paje inakushusha getini. Kima punju kule ni hakika, mie napita njia ile kila siku na wageni, mara nyingi wapo pale pale karibu na barabara, mtoto hatoki bila ya kuwaona. Ngezi unaweza kutembea saa nzima ukasikia ndege tu. Mtoto wa miaka minne hataelewa mpapindi wala mchanga mweupe, anataka kitu kinachoruka mbele yake. Na ile njia ya mbao ndani ya mikandaa upande wa Pete, watoto wanaipenda mno, maji yakijaa unatembea juu yake na samaki wadogo chini yako, yakitoka unaona kaa na mizizi yote iko nje.

Ukienda, nenda asubuhi saa moja na nusu mbili, au jioni kuanzia saa tisa. Mchana wa jua kali kima wamelala juu wanapumzika na tumbo limejaa.

Mama_wa_Pete

Kaka dereva hapo umesema kweli, na mie nnaezaliwa kijiji jirani na msitu nakuunga mkono, ila naomba niongeze kitu kwa dada kwa sababu kinanikera miaka mingi. Ukienda Jozani usikubali mtu yeyote akupe ndizi, sukari ya pipi wala biskuti uwape kima, hata kama dereva au mtu wa gari ya pembeni anafanya. Nilimuona mmoja, simtaji, amesimamisha gari ya wageni barabarani anawarushia ndizi mbivu washuke wapigwe picha, nikamfuata nikamwambia na akanijibu eti hawa wanyama wana njaa. Hawana njaa. Kima punju tumbo lake si kama letu, lina vyumba vyumba vya kuchachusha majani, chakula chake ni majani machanga na matunda mabichi, hiyo ndizi mbivu yenye sukari inamuharibia tumbo. Na mafua yako wewe yanamuingia yeye, kwa hivyo mtoto mwenye kamasi abaki nyuma kidogo.

Badala yake waoneshe watoto mikono yake. Kima akikaa kwenye tawi la chini akivuta jani, angalieni vizuri, vidole vinne virefu vyembamba, gumba hana, limebaki kijinundu tu. Anavuta tawi kwa kuliangika kwenye vile vidole na kulileta mdomoni, na mgongo wake mwekundu wa kutu, nywele nyeupe zimemzunguka uso. Watoto wangu walikuwa wanakaa kuwaangalia mpaka nawaita kula. Na kitu chengine, mukipata bahati mutamuona kima anakula makaa. Ndio, makaa ya kuni, wanaokota kwenye visiki vilivyoungua na kwenye matanuri ya zamani, kwa sababu majani ya mkungu na ya mwembe wanayoyala mashambani yana sumu na makaa yanaifyonza. Wataalamu wamekuja kusoma hilo hapa hapa kwetu.

Watu wa vijiji hivi wamepoteza mazao kwa hawa kima miaka na miaka na bado wamekubali kuishi nao, sehemu ya pesa za kiingilio inarudi vijijini, ndio maana nasema lipeni getini na mupewe risiti, musipitie kwa mtu wa pembeni. Zamani barabara ilipotiwa lami miaka ya 1990 walikuwa wanagongwa mmoja baada ya mmoja, ndipo yakawekwa yale matuta. Sasa kima punju wamehesabiwa Unguja nzima wamefika zaidi ya 5,800 na ni mnyama ambaye asili yake haiko kwengine duniani. Kaka dereva, waambie na wenzako wapunguze mwendo pale, nakuomba.

kusini_driver

Mama nimekusikia na umesema haki. Mie silishi na sisimami juu ya matuta, na nitawaambia wenzangu kituoni.

chake_mwalimu

Mie nirudi kwa popo maana dada hakujibiwa. Ngezi popo wapo lakini kwa watoto pahala pazuri zaidi ni Kidike, haiko mbali na hapa Chake, wanakijiji wenyewe ndio wanaoitunza ile miti na wana kiingilio chao kidogo. Nawapeleka wanafunzi wangu kule na sijaona mtoto aliyechoka kuangalia. Wananing'inia mamia kwa mamia, mwili wa rangi ya kahawia nyekundu, masikio yamechongoka na uso kama wa mbwa mdogo, na mchana jua likiwa kali wanajipepea kwa bawa moja. Akilikunjua bawa lote na la pili unaona anakaribia mita moja na nusu, watoto wanapiga ukelele. Na hawako kimya, wanagombana siku nzima nani kanisogelea.

Waambieni watoto wasipige makofi ili waruke. Hii tabia ilikuwepo, muongozaji anapiga makofi popo wote wanaruka wageni wanapiga picha, na mama aliyembeba mtoto kifuani anaruka naye juani bure bure, mtoto akiponyoka ndio basi. Kaeni mpaka magharibi kama muna usafiri, wataondoka wenyewe kwenda kula, na hapo ndio utawaona vizuri kuliko picha yoyote.

Hawa popo wako Pemba tu. Mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki mamia tu kisiwa kizima, walikuwa wanaliwa na miti yao inakatwa. Waliobaki wengi walijificha kwenye miti ya makaburini na viji-msitu vya wazee ambavyo hakuna aliyethubutu kukata. Halafu vijiji vikaanza kuunda vikundi vya kuwalinda, na leo wamevuka 20,000. Mie hili nalisomesha darasani kama mfano wa kwamba sie wenyewe tunaweza, hakuja mtu kutufungia msitu kwa waya, ni watu wa vijijini walioamua. Na popo huyu anakula embe na shelisheli lako kweli, lakini ndiye anayebeba mbegu za miti ya msitu anazitupa mbali, Ngezi bila ya popo itazeeka bila ya watoto.

Maalim_Wete

Mwanangu BintiNgambo, nakujibu hilo la mkweo maana mengine vijana wamekutosheleza. Kwanza usimbishie. Mtu mzima wa Pemba kuogopa bundi si ujinga, ndivyo alivyolelewa, usiku bundi akilia juu ya paa la nyumba yenye mgonjwa kila mtu anajua watu wanavyosema. Lakini muketi naye kwa upole, mkumbushe kuwa Mtume, rehema na amani zimfikie, ameikataza hii itikadi ya mikosi ya ndege, na wanavyuoni wanasema bundi ni katika vile vilivyotajwa katika hadithi hiyo, Waarabu wa kijahilia nao walikuwa wanamuogopa vile vile. Mkweo akilisikia hilo kwa mwanawe wa kumzaa litaingia zaidi kuliko kulisikia kwako, kwa hivyo mwache mumeo aseme.

Halafu mwambie na hili, bundi wa Ngezi si yule mkubwa wa mapaa ya nyumba. Huyu ni mdogo, anakaa kiganjani, rangi ya kutu kutu, sauti yake ni "hu" moja, ananyamaza, halafu "hu" nyengine, mwenziwe anamjibu upande wa pili. Kazi yake kula wadudu. Hata kwenye mashamba ya mikarafuu yupo, mkweo kashaishi naye miaka yote na hajamdhuru.

Na kama moyo haujatulia musimlazimishe. Bundi anatafutwa usiku, na kwenda usiku mnapanga kabla na ofisi ya misitu, hamuendi tu mukatokea. Asubuhi nendeni nyote pamoja na bibi na watoto, usiku mumeo arudi na muongozaji, nyinyi mulale. Mumo msituni pia muna pahala ambapo wazee wanapaheshimu tangu zama, muongozaji akisema hapa hatupiti basi musipite na musicheke.

BintiNgambo

Maalim Allah akujaalie kheri, nimemsomea mume wangu jawabu yako kacheka kwa furaha, anasema atazungumza naye yeye mwenyewe tukifika. Mama wa Pete na wewe nakushukuru, habari ya makaa sikuijua kabisa na mimi nimezaliwa kisiwa hichi hichi. Kwa hivyo mpango wangu sasa, Jozani wiki hii asubuhi kabla ya safari, huyu mkubwa apate kima wake, Pemba tukifika Kidike siku moja na Ngezi siku nyengine. Nimebaki na mambo madogo madogo. Tuvae nini, mie na mama mkwe tunavaa mabaibui, tutaweza? Na chakula kipo huko? Na kutoka Wete bila ya gari ya kukodi inawezekana? Nimesikia Vumawimbi ni jirani, watoto wataoga.

mkonde_asili

Mpango mzuri dada. Baibui mutaweza lakini lisiwe la kuburuza, chini litakuwa na matope na miiba inashika, mama zetu wakienda kukata kuni wanafunga kanga kiunoni na wanakwenda mbali kuliko wageni wa buti. Viatu viwe raba za kufunga, ndara zivueni, sababu ya siafu. Ukiona mstari mweusi unakata njia mnaruka, hamsimami juu yake, na suruali za watoto ziingizwe ndani ya soksi. Dawa ya mbu pakeni kabla hamjashuka garini, mbu wa Ngezi hawangoji usiku. Kama ni masika mpigieni mtu wa Konde kwanza muulize, mvua ikishiba sehemu nyengine inakuwa maji matupu. Jozani pia ni hivyo hivyo, maji yake yako juu chini ya ardhi, masika njia inafunikwa.

Chakula hakuna, wala duka. Nunueni Konde sokoni, mikate ya kumimina, ndizi, maji ya kutosha, na takataka zote zirudi na nyinyi, mifuko ya plastiki Zanzibar ishapigwa marufuku tangu 2006 lakini chupa na makaratasi ya biskuti bado naokota.

Gari, Wete mpaka Konde daladala zipo asubuhi tele. Kutoka Konde mpaka getini ndio tatizo, gari za Makangale ni chache na hazina saa, wengi wanapanda bodaboda lakini na bibi na mtoto wa miaka minne sikushauri. Kodini gari Konde pale pale ya kwenda na kurudi, mukubaliane na dereva akungojeeni, awapitishe na Vumawimbi mukimaliza msitu maana iko mbele kidogo tu. Pwani ile ni ndefu na mchanga wake mweupe, ila hakuna watu wala mlinzi, na ukipiga upepo wa kaskazi mawimbi yanakuwa makubwa, watoto waoge pembeni na mtu mzima awe ndani ya maji pamoja nao.

Ingieni msituni saa mbili asubuhi, saa nne na nusu mumetoka, pwani mpaka adhuhuri, na saa nane muwe mumerudi Konde, kwa sababu baada ya alasiri gari za Wete zinapungua na za mwisho zinajaa mizigo ya soko. Mumeo akitaka kulala ili aende usiku, anitafute mimi Konde nitampeleka ofisini kwa miguu yangu.